Sauti ya damu: Kifafa cha mimba na historia ya kipimo cha Doppler

Sauti hiyo haifanani na mapigo ya moyo wa mtoto. Moyo wa mtoto aliye tumboni hukimbia kama farasi, ilhali sauti hii ni ya polepole, inavuma na kutulia, mfano wa wimbi linalopanda ufukweni na kurudi. Ni damu ya mama mwenyewe, inayopita katika ateri inayoulisha mji wa mimba. Mjamzito wa wiki 12 aliyelala kitandani katika hospitali ya London huenda akaisikia kwa sekunde chache tu, kisha mtaalamu wa altrasaundi akabonyeza kitufe, akaandika tarakimu mbili, moja ya ateri ya kulia na moja ya ateri ya kushoto, na kumwambia kwamba anaweza kuinuka.

Tarakimu hizo zina historia ya zaidi ya miaka 180. Ndani ya historia hiyo zimo nyota za mbinguni, garimoshi lililobeba wapiga tarumbeta, na mashine iliyokusudiwa kukagua vyuma vya kiwandani. Limo pia swali lililowasumbua wakunga wa kila taifa: inakuwaje mwanamke aliyelala akiwa mzima, akisubiri siku zake zitimie, aamke na maumivu ya kichwa na kabla ya adhuhuri awe amepatwa na degedege na kupoteza fahamu?

Jina la mwisho wa ugonjwa

Waswahili huuita ugonjwa huo kifafa cha mimba. Jina hilo linaeleza vyema kile kinachoonekana, yaani mwili kukakamaa, macho kugeuka na povu kutoka kinywani. Hata hivyo si kifafa. Mgonjwa anaweza kuwa hajawahi kuanguka maishani mwake, na akinusurika huenda asianguke tena. Neno la kitabibu, eklampsia, lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mmweko, mwanga wa ghafla kama wa radi.

Msikilizaji atambue jambo moja hapa. Kiswahili na Kigiriki, lugha mbili zilizo mbalimbali kiasi hicho, zote ziliupa jina mwisho wa ugonjwa, wala si mwanzo wake. Hatua inayotangulia, ambayo inaweza kuchukua wiki au miezi kimyakimya, haikuwa na jina kwa sababu haikuonekana. Madaktari walipolihitaji jina walitanguliza tu neno la Kilatini lenye maana ya "kabla", wakapata priklampsia, na katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki watu husema presha ya mimba. Na kwa kuwa radi hushuka kutoka juu bila ya sababu inayoonekana, si ajabu kwamba palikuwa na watu, katika pwani ya Afrika Mashariki kama kwingineko, waliomtafuta mganga wa pepo kabla ya kumtafuta mkunga.

Dalili ya kwanza ya kile kinachotangulia ilipatikana mwaka 1843. Daktari John Lever wa Hospitali ya Guy's mjini London aliuchemsha mkojo wa wanawake waliopatwa na degedege za uzazi, akaona ukiganda kama ute wa yai. Ilikuwa ni protini, ambayo kwa kawaida haipiti katika figo zilizo salama. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akatengeneza kifaa cha kufunga mkononi kinachopima shinikizo la damu, na haukupita muda mrefu ikabainika kwamba wanawake wale wale wenye protini katika mkojo walikuwa pia na shinikizo lililopanda.

Mkojo na shinikizo la damu vikawa nguzo mbili za kliniki ya wajawazito. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa mwongozo wa mahudhurio: mjamzito aonwe katika wiki ya 16, kisha ya 24, kisha ya 28, halafu kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 36, na baada ya hapo kila wiki. Utaratibu huo, au wenye kufanana nao, ulienea duniani. Ulikuwa na mantiki yake, kwani ugonjwa hujitokeza zaidi mwishoni, kwa hiyo jicho la mkunga liliwekwa mwishoni. Wanawake wengi waliokolewa kwa njia hiyo. Lakini mkojo unapoonyesha protini, na shinikizo linapofika 140 kwa 90, ugonjwa umeshaingia nyumbani. Tiba ya kuuondoa kabisa ilikuwa, na hadi leo ni, kumzalisha mama ili kondo la nyuma litoke. Ikiwa mimba ina wiki 38 hilo si tatizo kubwa. Ikiwa ina wiki 27, daktari analazimika kuyapima maisha mawili katika mizani moja.

Mishipa iliyokataa kupanuka

Kwamba chanzo ni kondo la nyuma lilikuwa jambo la kushukiwa kwa muda mrefu. Namna lilivyohusika haikueleweka hadi mwaka 1967, pale Mbelgiji Ivo Brosens na Waingereza wawili, W. B. Robertson na H. G. Dixon, walipochapisha uchunguzi wao wa vipande vya nyama ya mji wa mimba, kutoka mahali hasa ambapo kondo hujishikiza.

Waliyoyaona yanahitaji kuelezwa kwa utulivu. Ateri ndogo zinazopeleka damu kwenye kondo zimejikunja kama chemchemi ya chuma. Kabla ya mimba ni nyembamba, na kuta zake zina misuli inayoweza kuzibana zaidi. Mimba inapotunga, chembe za kondo huingia ndani ya mishipa hiyo, huila misuli yake na kuigeuza kuwa mifereji mipana iliyolegea, isiyoweza tena kujibana. Ni mfano wa mto mwembamba uliofika katika delta, ukatanuka na kutulia. Kazi hiyo hufanyika katika nusu ya kwanza ya mimba, wakati mama bado hajaanza hata kuonekana tumbo.

Kwa wanawake waliokuwa na priklampsia kazi hiyo haikukamilika. Mishipa ilibaki myembamba na misuli yake iko pale pale. Kondo lilikuwa likipata damu kwa shida, na lilipobanwa sana likaanza kumwaga katika damu ya mama vitu vinavyoziharibu kuta za mishipa yake mwili mzima: katika figo, katika ini, katika ubongo. Shinikizo la damu, protini na ile degedege ya mwisho ni matawi ya mti ambao mzizi wake ulipandwa katika mwezi wa tatu na wa nne.

Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, lakini kwa mkunga haukuwa na faida ya papo hapo. Hakuna mtu anayeweza kukata kipande cha mji wa mimba wa kila mjamzito ili kuitazama mishipa yake. Ilihitajika njia ya kujua, kutoka nje ya tumbo, kama damu inapita kwa ulaini au inagonga ukuta.

Kutoka nyotani hadi tumboni

Njia hiyo ilikuwa imekwishaelezwa zamani, na mtu ambaye hakuwa akifikiria habari za wajawazito hata kidogo. Christian Doppler, mtoto wa mchonga mawe wa Salzburg, Austria, alisimama mbele ya wasikilizaji wachache sana mjini Prague tarehe 25 Mei 1842, akasoma waraka kuhusu rangi za nyota pacha. Hoja yake ilikuwa kwamba wimbi hubadilika kwa msikilizaji au mtazamaji kutegemea kama chanzo chake kinakaribia au kinakwenda mbali. Kila aliyesimama kando ya barabara kuu analijua hilo bila ya kusoma fizikia, kwani honi ya basi linalokuja kasi husikika nyembamba, na basi likishapita sauti hushuka ghafla na kuwa nzito.

Kuhusu rangi za nyota Doppler alikosea, kwa maana nyota nyingi zina rangi zake kwa sababu ya joto lake, si mwendo. Kuhusu kanuni yenyewe alikuwa sahihi. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliamua kuijaribu kwa masikio. Aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi karibu na Utrecht, akawapanga wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize na kukadiria noti. Jaribio la Februari liliharibiwa na baridi na theluji. La Juni lilifanikiwa. Doppler mwenyewe alifariki dunia mjini Venice mwaka 1853 akiwa na umri wa miaka 49, kwa ugonjwa wa mapafu.

Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya kanuni hiyo kuingizwa mwilini. Huko Osaka, Japani, Shigeo Satomura alielekeza mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la mwanadamu kwenye moyo unaopiga, na mwaka 1957 akachapisha matokeo kwa Kiingereza. Mawimbi yanayogonga chembe za damu zinazokuja hurudi yakiwa yamebanana zaidi, na yanayogonga zinazokwenda hurudi yakiwa yametawanyika. Tofauti hiyo, ikikuzwa kwa mashine, huwa sauti inayosikika. Damu ikawa inasikika ikitembea.

Wakati huo huo, katika mji wa Glasgow, Scotland, mkondo mwingine wa historia ulikuwa umeanza. Profesa Ian Donald, daktari wa uzazi aliyekuwa ameizoea teknolojia ya rada akiwa katika jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili, alisikia kwamba viwanda vinatumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mwezi Julai 1955 alifunga safari hadi kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, buti za magari mawili zikiwa zimejaa uvimbe uliotolewa katika matumbo ya wagonjwa wake. Wenyeji nao walitoa pande kubwa la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Mashine ikatofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Mwaka 1958 Donald, pamoja na daktari John MacVicar na mhandisi kijana Tom Brown, walichapisha katika jarida la Lancet makala ambayo altrasaundi ya uzazi duniani kote huhesabiwa kuwa imetokana nayo.

Kwa miaka kadhaa mikondo hiyo miwili, picha na sauti, ilikwenda sambamba. Picha ilimwonyesha mtoto na Doppler ikasikilizisha moyo wake. Mwaka 1977, mjini Dublin, FitzGerald na Drumm walionyesha kwamba mwendo wa damu katika ateri ya kitovu cha mtoto unaweza kupimwa bila ya kumgusa. Mjini London, katika hospitali ile ile ya Guy's aliyofanyia kazi Lever, mwanafizikia Raymond Gosling alikuwa amebuni namna ya kuugeuza mchoro wa mwendo wa damu kuwa tarakimu moja: chukua kasi ya juu kabisa, toa ya chini kabisa, gawanya kwa wastani. Tarakimu ikiwa kubwa, damu inapata upinzani mbele. Huyu Gosling ndiye yule yule ambaye, akiwa mwanafunzi wa Rosalind Franklin mwaka 1952, alipiga picha maarufu ya eksirei iliyosaidia kufichua umbo la DNA. Ni watu wachache waliobahatika kugusa mambo mawili makubwa namna hiyo, na jina lake halijulikani sana nje ya maabara.

Bonde dogo kwenye mchoro

Mwaka 1983 Profesa Stuart Campbell, Mskoti aliyesomea udaktari Glasgow, pamoja na wenzake katika Hospitali ya King's College, kusini mwa London, walichapisha katika Lancet njia ya kupima kwa Doppler damu iendayo kwenye kondo la nyuma. Kile ambacho Brosens alikiona chini ya hadubini, wao walikiona kwenye skrini mama akiwa amelala na mtoto akiwa anacheza tumboni.

Katika mimba iliyo salama mchoro wa damu hupanda kisha huteremka kwa mteremko mpole, kwa maana hata moyo unapopumzika damu huendelea kutiririka katika ile mifereji iliyolegea. Katika mimba yenye hatari mchoro hupanda kwa ncha kali, huanguka ghafla, na mara baada ya kuanguka huonekana bonde dogo, kibonyeo, kana kwamba damu imegonga kitu na kurudi nyuma. Mtaalamu aliyezoea hulitambua bonde hilo hata kabla ya kusoma tarakimu.

Kwa mara ya kwanza, basi, palikuwa na dirisha lililofunguka upande wa mwanzo wa ugonjwa. Matumaini yalikuwa makubwa, na kwa miaka ishirini hivi yalivunjika moyo tena na tena.

Sababu ya kwanza ni kwamba kipimo hakikuwa kamili. Mwaka 2001 hospitali 7 za Uingereza zilitoa matokeo ya wajawazito zaidi ya 8,000 waliopimwa katika wiki ya 23. Doppler iliwabaini wengi wa wale waliougua mapema na vibaya, hasa ambao watoto wao walidumaa tumboni, lakini iliwakosa zaidi ya nusu ya wote walioupata ugonjwa. Wapo wenye mishipa mizuri ambao huugua karibu na kujifungua kwa sababu nyingine, na wapo wenye bonde kwenye mchoro ambao huzaa salama salimini.

Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwanamke akishaambiwa kwamba mishipa yake ni myembamba, apewe nini? Kuijua hatari isiyo na dawa ni kumwongezea mtu usiku wa kukesha.

Kidonge cha senti chache

Dawa iliyotazamiwa ilikuwa ya kawaida mno: aspirini. Mwaka 1979 jarida la Lancet lilichapisha barua fupi iliyosema kwamba wanawake waliotumia aspirini mara kwa mara wakati wa ujauzito walionekana kupata priklampsia kwa nadra. Mwaka 1985 Michel Beaufils na wenzake mjini Paris wakatoa jaribio dogo lililotia moyo sana. Ndipo lilipokuja jaribio kubwa lililoitwa CLASP, lenye wanawake 9,364, na matokeo yake ya mwaka 1994 yakawa kama maji juu ya moto: tofauti kati ya waliomeza aspirini na wasiomeza ilikuwa ndogo, na haikuthibitika kitakwimu.

Mwaka 2003 timu ya King's, sasa ikiongozwa na Kypros Nicolaides, mzaliwa wa Cyprus aliyejiunga na Campbell mwaka 1980, ilijaribu kuunganisha mambo mawili. Wanawake 560 ambao Doppler ya wiki ya 23 ilionyesha dosari waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa aspirini na jingine kidonge kisicho na dawa. Hapakuwa na tofauti. Waliobainiwa na mashine walikuwa sahihi, dawa ilikuwa sahihi, na bado haikufaa.

Mtu mwingine angeliweza kuachana na jambo hilo hapo. Lakini jibu lilikuwa limekwishaandikwa mwaka 1967 katika vile vipande vya nyama. Mishipa hupanuka, au hukataa kupanuka, katika nusu ya kwanza ya mimba. Kumpa mwanamke aspirini katika wiki ya 23 ni kumwita fundi baada ya zege kukauka. Mwaka 2010 Emmanuel Bujold wa Quebec, Canada, na wenzake walizikusanya tafiti zilizotangulia na kuzipanga upya kwa kuangalia dawa ilianza lini. Zile zilizoanza katika wiki ya 16 au kabla yake zilikuwa na manufaa makubwa. Zilizochelewa hazikuwa nayo.

Swali likageuka. Halikuwa tena "nani yuko hatarini?" bali "nani yuko hatarini, na tunaweza kujua kabla ya mwezi wa nne?" Doppler ikarudishwa nyuma kutoka wiki ya 23 hadi wiki ya 11 hadi 13. Mapema kiasi hicho kipimo kikiwa peke yake ni dhaifu, hivyo kikaunganishwa na vingine: historia ya mama, shinikizo lake la damu lililopimwa kwa uangalifu katika mikono yote miwili, na protini moja katika damu inayotengenezwa na kondo la nyuma. Kompyuta huvichanganya vyote na kutoa uwezekano. Mwaka 2011 Nicolaides aliandika kwamba piramidi ya huduma ya wajawazito, ile iliyojengwa mwaka 1929 kwa mahudhurio mengi mwishoni, inapaswa kupinduliwa ili uzito wake uwe mwanzoni.

Matokeo ya jaribio la ASPRE yalitangazwa mwaka 2017. Wanawake zaidi ya 26,000 walipimwa katika hospitali 13 za Uingereza, Hispania, Italia, Ubelgiji, Ugiriki na Israel. Kati ya waliobainika kuwa hatarini, 1,776 walikubali kushiriki. Kundi moja lilimeza miligramu 150 za aspirini kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, hadi wiki ya 36. Priklampsia ya kulazimisha kujifungua kabla ya wiki ya 37 iliwapata wanawake 13 kati ya 798 waliomeza aspirini, na 35 kati ya 822 wasiomeza. Ni upungufu wa asilimia 62. Ile inayokuja mwishoni, mimba ikiwa imekomaa, haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika.

Kwa upande wa waliokwishaugua, historia ilikuwa imetenda haki mapema kidogo. Mwaka 1995 jaribio lililofanyika katika nchi 9 zinazoendelea lilionyesha kwamba magnesiamu salfeti, chumvi ya bei nafuu, huzuia degedege zisirudi kuliko dawa nyingine zilizokuwa zikitumiwa. Mwaka 2002 jaribio la Magpie, lenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba huzuia zaidi ya nusu ya degedege kwa wenye priklampsia.

Mwezi wa kunyamaza

Habari hizi zinawahusu Waswahili kwa njia mbili. Kwanza, imethibitika Uingereza na Marekani kwamba wanawake wenye asili ya Afrika hupatwa na priklampsia zaidi kuliko wazungu. Sababu bado zinabishaniwa, wengine wakizitafuta katika maumbile na wengine katika maisha ya dhiki na huduma duni wanayokutana nayo. Hospitali ya King's iko katika eneo lenye wakazi wengi wa asili ya Afrika na Karibiani, na damu ya mama zao ni sehemu ya elimu hii.

Njia ya pili ni ya ndani zaidi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mimba changa haitangazwi. Mwanamke huvaa nguo pana, humwambia mama yake na pengine shangazi, na wengine huachwa wajionee wenyewe tumbo likishachomoza. Huogopwa kijicho, na huogopwa aibu ya kutangaza kitu ambacho huenda kisidumu. Ni desturi yenye hekima yake, kwa sababu mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika miezi hiyo mitatu, na kunyamaza humkinga mwanamke na pole za watu mia. Matokeo yake ni kwamba wengi huanza kliniki baada ya mwezi wa nne. Wako wanaoibeba desturi hiyo hadi Leicester na Minneapolis, ambako kliniki iko umbali wa vituo viwili vya basi.

Hivyo, wiki zile ambazo sayansi ilihitaji zaidi ya miaka arobaini kuzifikia, kutoka hadubini ya Brosens hadi vidonge vya ASPRE, ndizo wiki zilezile za kunyamaza. Anayekwenda kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa tano hukuta mizani, kipimo cha mkojo na mkunga mwenye roho nzuri, lakini zege limeshakauka.

Je, ina maana kwamba kila zahanati inahitaji mashine ya Doppler? Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilisema hapana: halikupendekeza Doppler kwa kila mjamzito, kwa kukosa ushahidi kwamba kuitumia hivyo kunaokoa maisha. Lilipendekeza altrasaundi moja ya kawaida kabla ya wiki ya 24, mahudhurio 8, na hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Uingereza kwenyewe si kila hospitali inayoipima ateri ya mji wa mimba katika wiki ya 12; nyingi hutegemea maswali. Je, hii ni mimba ya kwanza? Uliwahi kuwa na presha katika mimba iliyopita? Una kisukari, ugonjwa wa figo, presha ya kudumu? Ni mapacha? Umepita miaka 40? Maswali hayo hukosea zaidi kuliko mashine, lakini yanaweza kuulizwa chini ya mwembe, na majibu yake yanatosha kwa daktari kuamua kama mama aanzishiwe aspirini. Uamuzi huo ni wa daktari, kwani kuna ambao dawa hiyo haiwafai.

Chuo hicho hicho cha King's kilishiriki kutengeneza kifaa kingine kisichofanana kabisa na Doppler: kipimo cha shinikizo la damu kinachoonyesha taa ya kijani, ya njano au nyekundu, kinachochajiwa kama simu ya mkononi, na kinachoweza kutumiwa na mhudumu wa afya asiyesomea uuguzi. Kilijaribiwa katika maeneo 10 ya Afrika, India na Haiti, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi hizo. Katika kipindi cha jaribio vifo na madhara makubwa ya uzazi vilipungua, lakini watafiti hawakuweza kuthibitisha kwamba upungufu huo ulitokana na kifaa chenyewe. Mhudumu aliiona taa nyekundu. Gari la kumpeleka mama hospitali lilikuwa jambo jingine.

Dalili zinazohitaji kukimbiliwa bado ni zile zile alizozijua mkunga wa zamani, zikitokea baada ya mwezi wa tano: kichwa kinachouma bila ya kutulia, macho kuona vimulimuli au giza, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba kwa ghafla. Anayeziona hazisubirishi hadi siku yake ya kliniki. Hizo ndizo dalili za mwisho wa ugonjwa, ule mwisho uliopewa jina. Mwanzo wake hauumi, na mwenye nao haujui. Ndiyo maana wapimaji wa King's waliutafuta kwa kusikiliza.